Kadi za Rangi Mbili

Sanduku lile la viatu lililetwa dukani na mama mmoja wa Kiitaliano aliyekuwa akihama Malindi baada ya kuishi hapa miaka mingi. Alikuja kuchapishiwa tangazo la nyumba yake, na nilipomkabidhi karatasi zake akaniwekea sanduku juu ya meza. Ndani mlikuwa na kadi tele, zenye picha za majoka na misitu na minara, na maandishi ya Kiitaliano.

"Zilikuwa za mwanangu," akasema. "Wewe mchoraji. Hutazitupa."

Kweli mimi ni mchoraji, wa duka la uchapishaji. Kadi za harusi, kalenda za maduka, mabango ya matanga na ya mikutano ya injili, zote hupita mikononi mwangu. Kwetu ni upande wa Marafa, kwenye udongo mwekundu, lakini nilihamia mjini kwa ajili ya kazi hii na sijajuta.

Kiitaliano changu ni kile cha mtu wa Malindi yeyote, cha salamu na bei. Kwa hivyo nilipotaka kujua kadi zile zinasema nini, nilizipeleka kwa kinyozi wa mlango wa pili. Yeye ni mwenyeji wa Shela, amenizidi umri, mpole, na wazee wa Kiitaliano wamenyolewa kwake hata lugha yao ikamwingia. Alivaa miwani, akasoma kadi moja, akacheka, akasoma ya pili. Hatukufungua maduka kwa wakati alasiri ile.

Tangu hapo tukawa tunacheza mchana, zile saa mji unapofunga kwa joto. Wa tatu wetu alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu wa bara aliyehamishiwa huku, ambaye alikuja kunyolewa kila wiki hata kama nywele hazijaota. Nadhani alikuwa mpweke. Alipoona kadi akavuta kiti, na kiti kile kikawa chake.

Mchezo wenyewe, kwa asiyeujua, si mgumu. Kila mchezaji anajipangia fungu lake kutoka kwenye kadi alizo nazo. Kadi zina rangi, na kila rangi ina tabia yake: kuna rangi ya wenye haraka, kuna rangi ya wavumilivu. Ukitaka kuteremsha kadi mezani unailipia kwa kadi nyingine ziitwazo vyanzo, na chanzo sharti kiwe cha rangi ya kadi unayoilipia. Unapigana na mwenzio kwa kadi hizo mpaka mmoja wenu amalizike nguvu.

Kinyozi ndiye aliyetushinda zaidi. Na kinyozi ndiye aliyesema, siku moja akipangusa kiti chake, "Haya majoka mimi yamenichosha. Sisi hatuna yetu ya kuchora?"

Neno hilo lilininyima usingizi. Kesho yake nikaanza kuchora mchezo wetu. Nilichagua rangi nne. Buluu ilikuwa bahari, na kadi zake zilichukua na kurudisha, kama maji yanavyokupwa na kujaa. Kijani ikawa shamba, inayochelewa lakini ikishika haing'oki. Manjano niliipa soko, kazi yake kubadilishana. Nyekundu ilikuwa jua na udongo wa kwetu, inapiga upesi na kuchoka upesi. Toleo la kwanza lilikuwa na kadi za rangi moja moja tu, na bei ya kila kadi niliiandika kwa tarakimu pembeni. Mwajiri wangu, mama mwenye moyo mkubwa, akaniruhusu kutumia mashine dukani pakiwa hapana kazi. Watu walioingia kunyolewa wakaanza kucheza. Wengine wakawa wanakuja bila nywele za kunyoa, kama mwalimu.

Basi nikataka kwenda mbele. Nilitaka toleo la kadi za rangi mbili.

Niliwaza jambo hilo nikitembea, nikioga, nikimkatia mteja kadi zake za mwaliko. Huku kwetu hakuna kitu cha rangi moja. Mikoko ni bahari na shamba pamoja: buluu na kijani. Chumvi inayovunwa kule kaskazini ya Malindi ni maji yaliyopigwa na jua: buluu na nyekundu. Malori yanayolala Mariakani ni vumbi na biashara: nyekundu na manjano. Nikapata jozi zote sita, na ya mwisho, nyekundu na kijani, ilikuwa muhogo. Nilichora shamba la mama mwezi wa kiangazi, majani yakikaza juu ya udongo uliopasuka. Fremu yake niliifanya kijani kwa juu, ikififia polepole mpaka iwe nyekundu chini. Katika picha zote nilizowahi kuchora, hakuna niliyoipenda kama ile.

Lakini picha si mchezo. Tulipojaribu kwa mara ya kwanza, nilikaa na kadi nzuri mkono mzima, kila moja ikidai rangi mbili, na mezani vyanzo vyangu vyote vilikuwa vya rangi moja. Nikapigwa bila kuteremsha kitu.

"Sasa huu ni mchezo ama ni kusubiri?" mwalimu akauliza.

Hapo nikajifunza kugawa kadi zangu makundi mawili, tukayaita NA na AU. Kadi ya NA inataka rangi zote mbili: buluu na kijani. Ni ngumu kuteremsha, kwa hivyo inastahili kufanya jambo kubwa, jambo ambalo rangi moja peke yake haiwezi. Kadi ya AU inakubali yoyote kati ya hizo mbili: buluu au kijani. Hiyo haikwami mkononi, lakini isipewe nguvu nyingi, na isifanye kitu ambacho kila moja ya rangi zake isingeweza kukifanya. Nikaongeza pia vyanzo vya rangi mbili, ambavyo vinalala zamu moja kabla ya kuanza kazi, ili mtu alipe kwa muda wake raha ya kuwa na rangi mbili.

Nilidhani nimemaliza. Mwalimu akaja na fungu lenye rangi zote nne. Alikuwa amekusanya vyanzo vyote vya rangi mbili na kadi bora ya kila upande, na akatufagia. Wiki iliyofuata kinyozi naye alikuwa na fungu kama hilo, na mimi pia, na tukawa tunacheza fungu moja sote watatu. Rangi hazikuwa na maana tena. Ikabidi nipunguze vile vyanzo, kisha nikatengeneza kadi zinazompa nguvu mchezaji aliyeshikamana na jozi moja: mwenye mikoko mingi mezani anavuta kadi, mwenye chumvi nyingi anazila polepole kadi za mwenzake. Ilinichukua muda mrefu, na niliirarua kazi yangu mara kadhaa, lakini ikafika siku mwalimu mwenyewe akaacha rangi mbili kati ya zile nne nyumbani kwa hiari yake. Nikajua imekaa.

Wakati huo vijana fulani wa Kilifi walikuwa wanaandaa siku ya michezo ya mezani katika ukumbi mmoja mjini kwao. Tukaalikwa. Nikachapisha toleo zima kwenye karatasi ngumu, kadi zinang'aa, na badala ya tarakimu peke yake, bei ya kila kadi niliiweka kwa viduara vidogo vya rangi: kiduara cha kijani na kiduara cha nyekundu kwa muhogo, na kadhalika. Nikazigawa.

Na kinyozi akaanza kushindwa.

Si kushindwa kwa bahati. Mtu aliyekuwa akitusoma kama vitabu vilivyofunguliwa sasa alikuwa anateremsha kadi asizoweza kuzilipia. Mwalimu akamsahihisha mara mbili tatu. "Hapana, hiyo inataka nyekundu. Hiyo uko nayo ni kijani." Kinyozi akairudisha kadi mkononi. Siku iliyofuata akasema ana wateja. Siku ya pili yake tena ana wateja, na mlango wake nilikuwa nauona kutoka dirishani kwangu, hakuna aliyeingia.

"Ameshachoka," mwalimu akasema. "Watu hufika mahali wanachoka. Si tuendelee tu sisi wawili?"

"La," nikasema. "Mchezo huu ni wake kama ulivyo wangu."

Asubuhi moja nikaenda kwake kabla hajafungua, nyumbani, Shela. Mkewe akanikaribisha uani, akaniletea mahamri na mbaazi. Kinyozi akatoka akifunga vifungo vya kanzu.

"Kaka, nimekuja kukuuliza," nikamwambia. "Kama toleo ni baya niambie ni baya. Mimi si wa kuonewa haya."

"Si baya."

"Basi mbona umetukimbia?"

Akamtazama mkewe. Mkewe akasema, taratibu, "Mwambie. Ni dada yako huyu."

Kinyozi akaingia ndani na kurudi na fungu lake. Akatafuta kadi mbili, akaziweka juu ya mkeka. Moja ilikuwa ya muhogo. Nyingine ilikuwa ya rangi moja, kijani tupu.

"Wewe waona nini hapo?"

"Hii ni kijani. Hii ni kijani na nyekundu."

"Mimi naona kadi mbili za rangi moja," akasema. "Rangi yenyewe sijui niiiteje. Kama ya kahawa iliyotiwa maziwa mabaya."

Nikamtazama. Nikazitazama tena kadi.

"Kijani na nyekundu kwangu ni kitu kimoja," akaendelea. "Nimezaliwa hivyo. Buluu naijua, manjano naijua. Hizo mbili, wallahi, sizijui."

Nikamuuliza alikuwaje mshindi wetu katika kadi za majoka na katika toleo letu la kwanza, kama hazioni. Akatabasamu. Akaniambia ilikuwa rahisi: zile za majoka alizisoma maandishi, na kwenye zetu kadi za nyekundu niliziwekea mawe, vumbi na moto, za kijani zina majani. Aliangalia picha. Bei ilikuwa tarakimu, na tarakimu haina rangi. Lakini sasa nimeweka viduara, na viduara havina jani wala jiwe.

Kisha akanieleza alilokuwa hajamweleza mtu ila mkewe. Ujana wake alitaka ubaharia wa meli kubwa. Alifika hadi kupimwa. Daktari akafungua kitabu chenye kurasa za vidoti vya rangi na kumwambia asome nambari iliyomo. Yeye akaona vidoti tu. Akafikiri anachezewa. Wenzake waliokuwa kwenye foleni nyuma yake walikuwa wanaisoma nambari ile kwa mbali, kwa sauti, na wanacheka. Alirudi Malindi akawaambia watu kwamba meli haina heshima, na akanunua mashine ya kunyolea.

"Hata rangi za nywele ni huyu anipangiaye," akasema, akimwonyesha mkewe. "Zikihamishwa chupa mahali pake, mteja atatoka kwangu na nywele za ajabu."

Mkewe akacheka, naye akacheka, lakini macho yake yalikuwa kwenye kadi.

"Sikutaka kukuvunja moyo," akasema. "Umeifanya kazi kubwa. Na watu wengine wote wanaona. Nendeni Kilifi, mimi nitawaombea dua."

Nikachukua ile kadi ya muhogo. Nikajaribu kuitazama kama nisiyejua ni shamba la nani. Fremu niliyojivunia, ile inayofifia kutoka kijani hadi nyekundu, kwake ilikuwa haifanyi kitu chochote.

"Kaka, hatuendi Kilifi na kadi hizi," nikasema. "Nitazifanya upya."

Mwalimu aliposikia alishika kichwa. Nilimweleza kwa idhini ya kinyozi, naye hakumcheka hata kidogo, ila hesabu yake ilikuwa nyingine.

"Kadi zote? Na siku imekaribia? Si tumchapie yeye fungu lake, la mtu mmoja?"

"Akicheza na mgeni Kilifi, kadi za mgeni atazisomaje?"

Akaziokota kadi mezani, akaanza kuzihesabu.

"Na unajua wangapi watakaa meza ile hawazioni, na hawatasema?" nikamuuliza. "Huyu amekaa nasi muda wote huu hakusema."

Nilianza siku hiyo hiyo. Kila rangi nikaipa alama yake: buluu wimbi, kijani jani, nyekundu jiwe, manjano kikapu. Alama nikaziweka kona ya juu kushoto, moja chini ya nyingine, kwa sababu mtu akitandaza kadi mkononi ndiyo sehemu pekee anayoiona. Hilo sikuwa nimelifikiri kabla. Hata sisi tunaoona rangi tulikuwa tunalazimika kuvuta kadi moja moja kuisoma. Fremu nikaacha kuzififiza. Nikazikata katikati kwa mstari mweusi, na kila upande nikautia nakshi yake, kama miraba na vidoti vya mkeka uliosukwa na mafundi wawili.

Halafu nikajiwekea sharti: kadi isiyochezeka bila rangi haitoki dukani. Nikalichapa toleo zima kwa wino mweusi mtupu, nikaliweka mbele ya mwalimu.

"Cheza."

"Hii ni kama gazeti la zamani."

"Cheza, mwalimu."

Akacheza. Katikati ya mchezo akateremsha kadi kubwa ya chumvi, akailipia kwa vyanzo vya bahari peke yake, na kinyozi, ambaye alikuwa amerudi kwenye kiti chake, akamshika mkono.

"Hiyo ni ya NA. Wataka jua pia."

"Mimi nimeona ni ya AU."

Tukaiinua. Mwalimu alikuwa na haki ya kukosea; kinyozi aliijua kwa kuikumbuka tu. Wimbi na jiwe, jiwe na wimbi, hakukuwa na kitu kinachosema ni zote mbili au ni mojawapo. Zamani nilitofautisha kwa rangi ya ukingo. Kwa mara ya kwanza yule mwenye macho mazima ndiye aliyekuwa haoni, na nilimwona kinyozi akijizuia kucheka. Nikarudi mezani. Alama za kadi za NA nikazifunga kwa fundo la kamba, za AU nikazitenganisha kwa mstari wa mshazari. Tukacheza tena kwa mweusi, na tena, mpaka hakuna aliyeuliza swali. Ndipo nikatia rangi.

Kadi za mwisho nilizikata asubuhi ya siku yenyewe, na vidole vyangu vilikuwa na malengelenge ya mkasi. Mwajiri wangu alipoona hivyo akachukua mkasi wa pili, akakata nami, akininung'unikia.

Kilifi, ukumbi ulijaa watu kuliko tulivyotarajia. Si wote waliotupenda. Jamaa mmoja alisema kadi zetu zimejaa alama kama barabara kuu. Mwingine akasema picha ya muhogo ingekuwa nzuri kama isingebanwa hivyo, na hapo moyo uliniuma, maana alisema kweli. Shamba la mama kwenye picha limepungua. Nimelikubali.

Kinyozi alipanga fungu la nyekundu na kijani. Angeweza kuchukua buluu na manjano akastarehe, lakini hakutaka. Alicheza na muuguzi mmoja kijana aliyetoka Mtwapa, msema hovyo lakini si mbaya, ambaye katikati ya mchezo aligonga kona ya kadi kwa ukucha.

"Hizi alama mmeweka za nini? Rangi si inaonekana?"

Nilikuwa nimesimama nyuma yao. Nikafungua mdomo nimjibu. Kinyozi akatangulia.

"Kwako wewe inaonekana," akasema, sauti yake ya kawaida, na meza ya pili walisikia. "Mimi nyekundu na kijani sizitofautishi. Tangu kuzaliwa."

Yule muuguzi akaona haya. "Pole, mzee."

"Pole ya nini? Zamu yako."

Alimshinda. Baadaye akashindwa na mama mmoja mpishi aliyekuwa ameshika fungu la chumvi siku hiyo hiyo kwa mara ya kwanza, akalielewa kuliko mimi niliyelichora. Kinyozi alisimama akampa mkono, kisha akaketi tena na kumtaka amwonyeshe alivyofanya. Nikamwona akimsimulia mama yule habari ya kitabu cha vidoti, na mama yule anacheka, naye anacheka, mikono inapaa hewani.

Mwalimu alikuja akasimama karibu yangu na kikombe cha chai.

"Sasa tufanye kadi za rangi tatu," akasema.

Nikamwambia hapana, bado. Rangi mbili zenyewe zina makosa niliyoyaona mchana ule: jozi ya malori ina kasi kupita kiasi, na ya mikoko ikishaota mwenzako hana la kufanya ila kukaa akiitazama. Kwanza hayo yarekebishwe. Alibisha mpaka chai ikapoa.

Nimeirekebisha mikoko. Malori yamenisumbua zaidi. Nikiyapunguzia kasi hakuna anayeyataka, nikiyarudishia yanamaliza mchezo kabla mtu hajanywa maji. Wiki hii nimejaribu kuyafanya yalipe ushuru kila yanapopita, kadi moja kutoka mkononi, na kinyozi anasema inaelekea kufaa. Mkewe naye sasa hufuatana naye mchana akitaka kufundishwa. Amechukua manjano, hataki kuchanganya na rangi nyingine yoyote, na mpaka sasa sijapata fungu la kumshinda.